Nilimpa Baba Mdogo Nywila ya Ofisi Nzima

Nina miaka thelathini na moja, sijaolewa, na ninawaandikia kutoka Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa, ambako nageuza juani usipa wa shangazi, dagaa wa ziwa hili. Miaka miwili iliyopita nilikuwa afisa TEHAMA wa chama kimoja cha wakulima wa kahawa pale Mbinga mjini. Msinionee huruma. Someni kwanza.

Nilikuwa katika mwaka wa majaribio. Ukiisha salama, unathibitishwa kazini. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakitaka duniani... barua moja ya kuthibitishwa.

Ofisi yetu haikuwa na kompyuta za kawaida. Kila mtu alikuwa na skrini, kibodi na kiboksi kidogo. Kompyuta zote ziliishi ndani ya seva moja, chumba cha nyuma. Ukiingia kwa jina lako, seva inakuletea meza yako: mafaili yako, picha ya wanao, kila kitu ulivyokiacha jana. Mipangilio ya wote ilishikwa sehemu moja. Ukigusa pale, umegusa watu arobaini. Nywila ya pale nilikuwa nayo mimi peke yangu, na nilisaini kwamba sitampa mtu.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alikuwa mtunza ghala palepale. Ndiye aliyenilea na kunisomesha. Macho yake yakaanza kufifia, akataka herufi kubwa kwenye skrini yake. Mimi ukubwa wa herufi nilikuwa nimeufunga kwa wote, maana watu walikuwa wakiuchezea, wanavuruga skrini, kisha wananiita. Nikamwomba ajaze fomu, meneja asaini, nimfungulie. Kazi ya dakika tano!

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Jumamosi nikaitwa nyumbani Maguu, kwenye sengu, kile kikao cha ukoo ambapo tunakula pamoja na kusemana. Siku hiyo nilisemwa mimi.

"Mtoto huyu nimemlisha," alisema baba mdogo, tonge la ugali bado mkononi. "Leo ananipa fomu."

Wazee wakatikisa vichwa. Je, ningefanya nini? Najua mnavyojibu. Mnajibu mkiwa mmekaa kwenu, hakuna anayewatazama.

Jumatatu nilitakiwa kwenda Kigonsera kufunga mtandao kwenye tawi letu. Gari likiwa linapiga honi nje, hata zile dakika tano sina, nikamwandikia ile nywila kwenye karatasi. Nikamwambia aguse herufi tu.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema, akaitia mfukoni.

Jumanne asubuhi skrini zote za ofisi zilikuwa na herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Na hapakuwa na kitu kingine! Maelezo ya mipangilio yalikuwa ya Kiingereza. Mzee aliweka alama kila alipohisi ndipo, na mahali pamoja palisema kila mtu akitoka, vitu vyake vifutwe. Jioni watu walipozima na kwenda makwao, seva ikatii. Mama wa masijala alikaa mbele ya meza yake tupu, akiniuliza mihtasari yake ya miaka mitatu iko wapi. Nakala za akiba? Nilikuwa nahifadhi za mipangilio. Za watu nilikuwa kila siku nasema nitaanza... Hilo ni kosa langu, nalikubali.

Meneja akafungua kumbukumbu za seva. Jina langu, Jumatatu saa tisa alasiri. Nikasema saa hiyo nilikuwa Kigonsera. Akauliza, basi nani mwingine ana nywila yako? Nikamtaja. Baba mdogo akaitwa, akasimama mbele ya watu wote, kofia mkononi.

"Mimi mzee wa ghala, meneja. Kompyuta hata kuiwasha naombaga msaada. Huyu mtoto ana hasira na mimi, mambo ya nyumbani."

Hakunitazama hata mara moja.

Meneja akasema ama nimefuta mwenyewe, ama nimetoa nywila, nichague. Yote mawili yanaishia mlangoni. Sikuthibitishwa. Mwezi uliofuata nafasi ile akapewa Imelda, binti wa baba mdogo, aliyekuwa ametoka chuoni Songea. Ukoo ukashangilia. Mimi nikateremka Mbaha.

Laiti mkasa ungeishia hapo, ningejiita mwema. Haukuishia hapo.

Siku moja Imelda akanipigia. Yeye alikuwa ameambiwa kama wengine, kwamba nilifuta kwa hasira.

"Shikamoo dada. Baba ananisumbua nimpe paswedi, anasema herufi zimerudi ndogo. Nimpe?"

Ilikuwa imebaki miezi minne athibitishwe. Neno moja la kumwonya lingetosha. Nilisimama pale na simu, mkono unanuka samaki, chuki imenijaa...

"Mpe," nikamwambia. "Ni baba yako."

Haikufika wiki. Safari hii mzee aligusa pabaya zaidi. Meza zote ziligoma kufunguka siku tatu, katikati ya msimu, wakulima wamejaa nje na magunia yao. Imelda alipoulizwa, hakumtaja baba yake. Alibeba yote mwenyewe, akaondolewa.

Alikuja Mbaha. Sikumpa hata kiti. Aliniuliza jambo moja tu, kama nilijua yatakayompata. Nikamjibu nilijua. Akapanda kurudi Mbinga siku hiyohiyo, bila kunywa hata maji.

Baba mdogo yupo ghalani mpaka leo. Simsamehe, na asije mtu kunihubiria. Lakini yeye alinikana kwa woga. Mimi nilimwangusha Imelda nikiwa na akili zangu timamu, mtoto ambaye hakunikosea kitu!

Wasomaji, kazi yenye nywila haina baba wala mjomba. Mtu akitaka herufi kubwa, mpe fomu, na akununie mpaka achoke. Na kama umeshaumizwa, tafadhali mwonye anayekuja nyuma yako, hata kama ni damu ya aliyekuumiza. Mimi nampigia Imelda kila Jumapili nimwombe radhi. Simu inaita mpaka inakatika.