Kanga ya Mkwe

Gari la wagonjwa liliacha barabara kwenye kona kali ya mteremko wa Newala, mvua ikipiga kioo hadi dereva Walter akawa haoni hata pua ya gari lake. Tairi la nyuma liliteleza kwenye udongo mwekundu. "Jishikeni!" Walter akapiga kelele, na papo hapo gari likaserereka kwa ubavu, likavunja vichaka, likaenda kujibanza kwenye mti chini korongoni.

Khalfan, mhudumu wa dharura, aliinuka damu ikimtoka mdomoni. Mkono wa kulia wa Walter ulikuwa umevunjika. Simu hazikushika mtandao. Maji mekundu ya korongo yalishaanza kupiga magurudumu.

"Mgonjwa vipi?" Walter akauliza.

Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Mgonjwa alikuwa Bi Mwanakombo, mama mzazi wa Shamila, mke wa Khalfan. Alikuwa anapelekwa hospitali ya Ndanda kwa maumivu ya kifua, na siku hiyo mhudumu mwingine hakuwepo. Tangu amuoe Shamila, Khalfan alikuwa hajawahi kukaa mkeka mmoja na mkwewe. Humwamkia akiwa nje ya mlango, macho chini. Humo garini, kabla ya ajali, mama alijigeuzia ukutani, kanga mpaka usoni, na Khalfan akampima presha huku anatazama dirishani. Adabu, bwana! Adabu hiyo hiyo ilimnyima kuona jinsi mgonjwa alivyokuwa anatoka jasho.

"Mama?" akaita. "Shikamoo, mama."

Loo! Mtu anakufa, yeye anaamkia. Kimya.

Akafunua kanga. Midomo ilishakuwa ya kijivu, kifua hakipandi wala hakishuki. Akaanza kukandamiza juu ya gauni kama walivyofundishwa wiki iliyopita, mikono imenyooka, kwa nguvu, kwa kasi. Walter akamsogezea mashine ya kushtua moyo kwa mkono wake mzima.

Sasa vibandiko vya mashine ile hubandikwa kwenye ngozi tupu. Khalfan alilijua hilo fika, darasani alikuwa wa kwanza kunyoosha kidole. Lakini sanamu la kufanyia mazoezi darasani lilikuwa plastiki, kifua wazi, si mama wa mtu. Akabandika juu ya gauni.

Mashine ikalia, ikakataa.

"Mbovu," Khalfan akasema.

Walter akamkazia macho. "Asubuhi tumeijaribu mimi na wewe. Mbovu mashine au mbovu wewe?"

Uso ukamwaka moto. "Walter, huyu ni mkwe wangu. Nimvue mimi?"

"Basi mwache afe na nguo zake. Shamila utamwambia mwenyewe."

Khalfan akashika mkasi. Aliona aibu mpaka masikio yakavuma. Akakata gauni kutoka shingoni hadi tumboni, na sidiria nayo akaikata, huku analia bila kujificha. Akakausha kifua kwa kanga, akabandika upya.

"Usimguse!" akamwambia Walter.

Akabonyeza. Mwili ukaruka. Akarudi kukandamiza, ubavu ukalia ka! chini ya kiganja chake, asiache. Akakandamiza hadi mikono ikafa ganzi. Ndipo Bi Mwanakombo akavuta pumzi moja ya kukoroma, kisha nyingine.

"Maji yanaingia," Walter akasema. "Tutoke."

Wakamfunga kwenye machela. Walter akavuta kwa mkono mmoja, Khalfan akasukuma kwa bega, wakipanda na kuserereka, tope mdomoni, mpaka barabarani. Lori la Fuso lililobeba mihogo likasimama, likawachukua.

Mama alipopata nafuu, Khalfan alikwenda Ndanda, akasimama barazani mwa wodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia."

"Hapa panatosha, mama."

"Nimesema ingia. Mbavu zinaniuma, siwezi kupaza sauti."

Akaingia, macho sakafuni. "Nisamehe, mama. Nilichelewa. Mashine ilikuwa nzima, nikaisingizia. Niliona aibu. Sanamu tunalojifunzia halina nguo."

"Walter kaniambia." Bi Mwanakombo akamgeukia. "Aibu ile ilikuwa yangu, mwanangu. Nani alikutuma unitunzie hadi kaburini?"

Mama akavuta kanga yake kutoka chini ya mto. Shamila alishaifua, lakini udongo wa Newala haukutoka wote. "Chukua. Hilo sanamu lenu livae nguo."

Mafunzo yalipofanyika tena Masasi, mkufunzi, Sista Brigita, alipolilaza sanamu mezani, Khalfan aliomba nafasi. Akalivalisha sidiria, akalivalisha gauni, akalifunga kanga ile mpaka usoni. Darasa zima likaangua kicheko.

"Huyu ni mama mkwe wako," akasema. "Moyo wake umesimama."

Kicheko kikakatika. Khalfan akawanyooshea mkasi, uso umemwiva kwa aibu, na hakuushusha mpaka mtu alipokuja kuupokea.