Daftari la Mikazo

Kozue alikuwa amepiga magoti akifuta kizingiti cha mlango, kazi yake ya kila Jumapili asubuhi, kivuli kilipoangukia ndoo yake. Aliinua macho akamwona mwanamke asiyemjua, mwenye kofia ya majani na viatu vilivyojaa mchanga.

"Samahani, mtoto mzuri. Hapa ndipo kwa Bibi Toyo?"

"Ndipo. Nimwambie nani?"

"Mwambie ni Daktari Kuwabara, yule wa dawa ya ganzi. Bibi alikataa kuja kwenye kikao cha hospitali, basi kikao kimemfuata nyumbani."

Kozue alijizuia kucheka. Bibi alitoka jikoni akijifuta mikono, akainama kwa adabu, akamkaribisha mgeni chai baridi ya shayiri, kisha akamvaa kabla hajaimaliza.

"Mimi nimezaa wanne bila sindano, Daktari. Uchungu ndio unaomfundisha mwanamke kuwa mama. Na hiyo dawa yako inaulaza mfuko wa uzazi. Ukishalala, nani atauamsha?"

"Bibi, jamani!" alisema Dada Shizuho, akilishika tumbo lake kwa mikono miwili. Alikuwa amerudi kutoka Osaka mwezi mmoja uliopita ili ajifungulie kwao, na mumewe angefuata baadaye.

"Mwache, ameuliza vizuri," alijibu daktari. "Mfuko wa uzazi ni msuli, Bibi. Ukikaza, unamsukuma mtoto. Ile nusukaputi ya kuvuta puani, ya kulala fofofo, ni kweli huulegeza, na ukilegea sana mama hutokwa na damu nyingi. Hiyo naiweka kwa dharura tu. Mimi nitamchoma mgongoni, dawa kidogo, izuie maumivu yasifike kichwani. Msuli wenyewe unaendelea na kazi. Ila mara nyingine huzubaa, hasa tukiwahi kabla uchungu haujashika kasi. Kwa hiyo lazima niujue mwendo wake kwanza."

Akaiona filimbi ya mwanzi iliyochomekwa kiunoni mwa Kozue. "Wewe unapiga kwenye maandamano ya sikukuu?"

"Ndiyo. Mwaka huu nafungua mimi, peke yangu."

"Basi unajua kuhesabu mapigo." Akatoa daftari jembamba mkobani. "Uchungu ukianza, weka mkono kwenye tumbo la dada yako. Likikaza, andika saa. Likilegea, andika tena. Na hata mtoto akishazaliwa, endelea kwa muda wa saa mbili, maana mfuko uliochoka huweza kulegea ghafla. Andika unachokihisi, si unachokikisia. Umeniahidi?"

"Nimeahidi," alisema Kozue. Wakafungana vidole vidogo kama ishara ya ahadi.

Uchungu ulianza Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya sikukuu. Mama alikuwa kiwandani akisafisha samaki, na Bibi aliitwa kupika chakula cha watu watakaobeba madhabahu kwenye maandamano. Kozue akaachwa na dada yake na daftari. Aliandika vizuri. Kila baada ya dakika nane, saba, tisa, saba. Kila mara tumbo lilipokaza chini ya kiganja chake, alihisi kana kwamba amepewa kazi ya mtu mzima.

Saa nane mchana rafiki yake Rikka alichungulia dirishani. "Kiongozi gani huyu asiyekuja mazoezini? Mwenzetu Sae anataka kukipiga kipande chako cha kufungua, shauri yako!"

"Siwezi. Dada yuko na uchungu."

"Mbona anakoroma?"

Kweli Dada Shizuho alikuwa amesinzia. Dakika kumi tu, Kozue alijiambia. Akanyata hadi mlangoni, akavaa viatu, akatoka mbio.

Aliporudi ilikuwa saa kumi. Dada bado alikuwa akisinzia, hakujua kwamba aliachwa. Ukurasa ulikuwa mtupu. Kozue aliutazama. Bibi angerudi wakati wowote na jambo la kwanza angeomba daftari. Akachukua kalamu. Saa nane na dakika tano: mkazo, mkali. Saa nane na dakika kumi: mkali. Aliujaza ukurasa mpaka chini, na mikazo ile ya kubuni ilinyooka kama meno ya kitana.

Jioni Bibi alisoma, miwani puani. "Kila dakika tano? Kumbe mambo yameiva! Ita teksi!"

Hospitalini mkunga alipima, akakuta njia imefunguka sentimita tatu. Hiyo peke yake isingetosha kuanza ganzi. Daktari Kuwabara akalisoma daftari, akatabasamu kwa Kozue. "Mwandishi wangu! Umenisaidia sana." Kisha akaanza dawa.

Kozue alijificha nyuma ya Bibi.

Asubuhi ya sikukuu walimkuta Dada Shizuho ametulia bila maumivu, lakini mikazo ilikuwa imefifia karibu kwisha. Njia ilikuwa palepale, sentimita tatu. Daktari wa uzazi, mzee mwenye sauti ya chini, alifungua daftari mbele yao wote.

"Uchungu mkali tangu jana saa nane," alisema, "na mpaka leo njia haijasogea. Hatuwezi kuendelea kungoja. Itabidi tumpasue."

Dada Shizuho aliuma mdomo. Machozi yalimtiririka kimyakimya hadi masikioni.

Bibi Toyo alimgeukia Daktari Kuwabara. "Si nilikwambia? Nilikwambia kwangu, ukinywa chai yangu! Umeulaza mfuko wa uzazi wa mjukuu wangu!"

Kozue alingoja daktari ajitetee. Badala yake Daktari Kuwabara aliinamisha kichwa. "Huenda niliwahi mno, Bibi. Kama ndivyo, kosa ni langu. Nisameheni."

Kozue alihisi uso ukiwaka moto mpaka ncha za masikio. Alitamani sakafu ile inayong'aa ipasuke immeze. Mtu mzima, daktari, alikuwa ameinama mbele ya watu kwa ajili ya kosa lake yeye. Na dada yake angechanwa tumbo kwa sababu ya ukurasa mmoja.

"Si yeye," alisema. Sauti haikutoka vizuri. Akarudia. "Si Daktari. Ni mimi. Jana kuanzia saa nane mpaka saa kumi sikuwepo nyumbani. Nilikwenda mazoezini. Mikazo ya hapo nimeitunga."

Bibi alimgeukia.

"Umesemaje?" aliuliza Bibi.

"Nimeitunga, Bibi. Yote."

"Uliniacha peke yangu?" Dada Shizuho alinong'ona. "Nami nilishangaa... nilihisi maumivu yamepungua, nikadhani ni uchovu wangu tu, kwa sababu daftari lilisema vingine."

Kozue hakuweza kumtazama. Alitazama soksi zake, moja ina tundu kidoleni.

Madaktari wawili walikuwa tayari wameinamia daftari. "Kumbe uchungu ulikuwa umetulia wenyewe kabla ya ganzi," alisema yule mzee. "Basi uchungu wa kweli haujaanza. Mapigo ya mtoto?"

"Mazuri kabisa," alijibu mkunga.

"Tusimpasue. Punguza ganzi, mama apumzike. Tukiona haja, tutampa dawa ya kuongeza mikazo kidogo kidogo."

Hapo Bibi Toyo alifanya jambo ambalo Kozue hakulitegemea. Alikuja akasimama ubavuni mwake, akaweka mkono shingoni mwake, wakainama pamoja mbele ya Daktari Kuwabara, chini kabisa. "Mjukuu wangu amekudanganya, na mimi nimekutukana. Tusamehe sote wawili." Hapo ndipo Kozue alipolia.

Daktari Kuwabara alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana. "Dawa yangu haina macho, Kozue. Inaona kwa macho ya aliyeandika. Ukurasa mtupu ungenieleza kwamba hakuna aliyekuwepo, nami ningepima upya. Ukurasa wa uongo ulinifunga macho. Siku nyingine ukikosa, acha nafasi wazi, useme. Aibu yake ni ya muda mfupi. Hii uliyoibeba tangu jana ilikuwa nzito zaidi, au sivyo?"

Kozue alitikisa kichwa kukubali.

Daktari alichana ule ukurasa, akampa daftari. "Anza upya."

"Bado unaniamini?"

"Ahadi yetu haijaisha."

Mikazo ilirudi saa tano. Kozue aliandika kila mmoja, mdogo na mkubwa, na mahali alipokwenda msalani aliandika: "Sikuwepo, dakika nne." Saa kumi na nusu jioni mtoto wa kike alizaliwa, mwekundu, mwenye hasira. Bibi alikimbilia nyumbani kupika wali wa sherehe, wa maharagwe mekundu. Mkunga aliitwa kwa mama mwingine, akawa anakuja na kutoka, akibonyeza tumbo na kumtajia Kozue la kuandika.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, sauti ilipanda kutoka barabarani. "Kozue! Mtoto si ameshatoka? Shuka! Mwalimu anasema usipofika sasa, Sae ndiye atakayefungua!"

Kozue alienda dirishani. Rikka alikuwa chini, amevaa vazi la sikukuu, ameshika filimbi mbili.

"Nenda," alisema Dada Shizuho kwa upole, mtoto kifuani. "Mimi nimeshakusamehe."

Kozue aliangalia saa ya ukutani, akakumbuka zile saa mbili alizoahidi, akainama nje. "Bado dakika arobaini!"

"Za nini?"

"Mwambie Sae asiharakishe pale mwanzoni!"

Akafunga dirisha. Baada ya muda filimbi ililia mtaani, kipande chake, ikipita chini ya dirisha la hospitali na kuelekea baharini. Vidole vyake vilicheza vyenyewe juu ya jalada la daftari. Mkunga aliingia, akabonyeza tumbo. "Gumu kama ngumi. Vizuri."

Kozue alifungua ukurasa, akaandika: saa kumi na mbili na dakika tano, gumu.