Msumari Ubavuni

Nikutegee, nawe ujibu kabla sijamaliza kusimulia: wawili wanatoka pamoja, wanapita njia moja, wanafika pamoja, lakini wa nyuma hajawahi kuuona uso wa mwenzake. Ni nani hao?

Usione haya kukosea. Wengi husema ni miguu. Jibu langu ni matairi ya pikipiki. Lakini kulikuwa na nyumba moja ambayo ungejibu "baba na binti yake" nami ningekupa alama zote.

Binti huyo alikuwa darasa la sita. Aliitwa Chiriku, kwa sababu alipokuwa mdogo hakunyamaza hata akiwa na mkate mdomoni. Baba yake alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kupanda na kushuka kwenye majengo ya watu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Mama yake alifariki mwaka uliopita. Tangu siku hiyo jina la Chiriku lilibaki, ila kelele zake ziliondoka.

Kila Jumamosi ilikuwa ile ile. Baba aliamka, akanywa chai akiwa amesimama, akaosha kikombe na kukifunika juu ya sinia. Alivaa koti lake la ngozi, akamwambia Chiriku amwite mshonaji wa mlango wa pili akihitaji lolote, kisha akaitoa pikipiki uani. Ilikuwa pikipiki ya mbio, nyekundu, imeinama mbele kama paka anayenyemelea. Zamani ilikuwa na kiti cha nyuma, na mama ndiye aliyekikalia. Baba alikuwa amekiondoa, akaweka mahali pake kifuniko cha plastiki.

Pikipiki ilinguruma, ikafika kona, ikapotea. Chiriku alibaki na saa ya ukutani. Alifagia palipokwisha fagiliwa. Alipanga viatu, vyake na vya baba, vikitazamana. Mara nyingine aliwasha redio, si kwa kuisikiliza, bali ili pawe na mtu anayezungumza. Baba alirudi jioni amechoka, akauliza kama amekula, akalala.

Ijumaa moja, baba akiwa bafuni, Chiriku alichukua msumari kwenye sanduku la vifaa. Aliwaza kwamba pikipiki isiyo na tairi haiendi popote, na baba asiyekwenda popote atakaa nyumbani, watazungumza. Alijaribu kwanza tairi la mbele, ubavuni, pale panapofichwa na chuma kinachoshika gurudumu. Alikandamiza na kukwaruza mpaka mpira ukachanika, lakini upepo haukutoka. Akahamia tairi la nyuma. Huko aligonga msumari kwa jiwe alilolifunga kitambaa, na safari hii upepo ukatoka taratibu, kama mtu anayepumua usingizini.

Asubuhi baba alichuchumaa kando ya pikipiki kwa muda mrefu.

"Chiriku," aliuliza, "hivi msumari wa barabarani huingiaje ubavuni?"

"Labda msumari ulilala njiani, ukaukanyaga vibaya," Chiriku alijibu, naye akaondoka haraka kwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Kweli baba hakwenda popote siku hiyo. Alikaa kwenye kochi tangu asubuhi akitazama matairi kwenye simu. Chiriku alisogea akakaa karibu naye, akamwuliza hili na lile. Baba aliitikia "ee" bila kuinua macho. Unaujua upweke wa kukaa na mtu asiyekuona? Ni mkubwa kuliko ule wa nyumba tupu, kwa maana katika nyumba tupu huna wa kumngojea.

Jumamosi iliyofuata waliipakia pikipiki kwenye gari la mfanyakazi mwenzake baba, wakaipeleka kwa fundi wa matairi. Alikuwa mama mmoja mwenye mikono myeusi kwa vumbi la mpira, na watu wote walimwita Mama Upepo. Alitazama lile tundu, akasema ubavu hautiwi kiraka. Mpira wa pale huinama kila gurudumu linapozunguka, kiraka kingetoka kwenye mwendo kasi. Tairi jipya tu.

Baba alichagua moja laini, karibu halina mifereji, kama ya wanaoshindana uwanjani. Mama Upepo hakulipenda. Alieleza kwamba tairi laini hushika lami vizuri likipata joto, lakini huisha upesi, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Akaonyesha namba ndogo ubavuni, akasema hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa ya tairi, na hilo lilikuwa limekaa dukani mpaka linakaribia kuota mvi.

"Unashindana na nani, baba Chiriku?"

"Sishindani na mtu."

"Basi niambie. Unapanda peke yako, au unapakia mtu? Tairi la kubeba mmoja na la kubeba wawili si lazima liwe moja."

Baba alikitazama kile kifuniko cha plastiki. Alisema tu amfungie la nyuma, lolote analoona linafaa. La mbele bado zuri, mifereji yake bado ina kina. Kesho yake alitaka kupanda mlimani, kule kwenye kona kali.

Mama Upepo alilitupia jicho tairi la mbele, akaona kweli halijaisha. Akashika spana.

Chiriku alijua akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Alijua pia kona zile. Alimshika baba mkono wa koti.

"Baba, usiende na hilo la mbele. Nililichana mimi. Na msumari ni mimi."

Mama Upepo alipiga magoti, akazungusha gurudumu, akakandamiza kwa dole gumba nyuma ya kile chuma kinachoshika gurudumu. Mpira ulifunguka kama mdomo, na ndani nyuzi zilionekana, nyingine zimekatika. Alijifuta mikono, akarudi nyuma hatua chache awapishe.

Baba alikaa juu ya rundo la matairi. Akauliza kwa nini, kwa sauti ya chini sana.

"Nilitaka ubaki," Chiriku alisema. "Ukabaki, na bado sikukupata. Ukienda sina wa kuzungumza naye. Ukirudi pia sina."

Baba aliinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Sikiliza, mwanangu. Ulichofanya kingeniua, na sitakuambia ni kitu kidogo. Utakuja hapa baada ya shule, umsaidie Mama Upepo kufagia mpaka mwezi uishe. Lakini umesema kabla sijapanda, wakati ungeweza kunyamaza, na kwa hilo niko hai. Siku nyingine jambo likikulemea, nijie na maneno, usingoje mpaka uchukue msumari. Hata nikiwa sitazami, niite mpaka nitazame." Akamsogezea nafasi kando yake. "Nami nina kosa langu. Nilikuwa namtafuta mama yako barabarani, nikakuacha wewe nyumbani."

Chiriku alikaa kando yake juu ya matairi, bega kwa bega. Safari hii ukimya ulikuwa wa wote wawili.

Mama Upepo aliwaacha, kisha akakohoa. Alikuwa ameshatoa jozi mbili za matairi mapya yenye mifereji ya mvua, mkono mmoja juu ya kila jozi.

"Nilikuuliza swali hujanijibu, baba Chiriku. Unapanda peke yako, au unapakia mtu?"

Baba alimtazama binti yake.

"Mama Upepo, tupe jozi ya wawili," alisema. "Kile kiti nitakirudisha, na kofia ngumu ya saizi yake nitanunua. Twende polepole, maana wa nyuma ana maneno mengi, na nataka kuyasikia yote."