Soli Nyembamba

Pantoni ya Garsen siku ya soko haivuki hivi hivi. Husukumwa, hutukanwa, hubembelezwa, na baada ya hayo yote ndipo huamua kufika ng'ambo. Alhamisi ile ilikuwa imebeba lori moja, ng'ombe tisa wa mfugaji aitwaye Roba, matenga ya ndizi na watu waliobanana kama tende kikapuni. Mwanaarusi binti Kassim alisimama kati ya tenga na mkia wa ng'ombe, kichwani amebeba ngozi alizotoka kununua, mwilini leso ya maua mekundu aliyoifunga kwa makini asije akaichafua.

Ng'ombe mmoja akashtuka. Kijana mmoja mvuta kamba wa pantoni akaruka kumshika pembe, na jozi mbili za viatu zilizoning'inia shingoni mwake zikazunguka kama kombeo. Kiatu kimoja kikampiga Mwanaarusi shavuni.

"Weye!" alipiga kelele. "Jozi mbili za viatu shingoni, na miguu yako peku!"

"Samahani, dada. Hivi si vya kutembelea. Ni vya ngumi."

"Nimeona. Vimeshaanza kazi."

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, huku bado ameshika pembe. Alivaa kaptula ya kaki na fulana iliyokuwa nyeupe zamani, na mabega yake yalikuwa mapana kwa miaka ya kuvuta kamba. Jina lake Buya, mtu wa kijiji cha Hewani. Kabla pantoni haijagusa ukingo alikuwa ameshaeleza habari yake yote. Ahmednoor mwenye duka alikuwa amepata jozi mbili za viatu vya ngumi kutoka Mombasa. Buya amepewa zote azijaribu wiki nzima, kisha arudishe moja. Jumamosi baada ya wiki mbili kuna mapambano Malindi, na huko wamesema asiye na viatu hapandi ulingoni.

"Shida," alisema Buya, "sijawahi kuvaa kiatu tangu nizaliwe. Kwangu vyote ni jela. Tofauti ni rangi ya mlango tu."

"Baba yangu ni Fundi Kassim, mshona makubadhi," alisema Mwanaarusi. "Ukitaka kujua kiatu, usiyaulize macho. Uulize mguu."

"Nauulizaje?"

"Kwanza uoshe. Kisha uulete kibandani."

Kibanda chao kilikuwa karibu na soko, ubavuni mwa duka la Ahmednoor. Fundi Kassim alihamia hapa kutoka Kipini, akaja na jina lake la ufundi. Lakini miaka miwili sasa macho yalikuwa yamemwisha, na aliyekata na kushona ni binti yake. Mzee hukaa nyuma ya pazia la mkeka, akisinzia au akijifanya kusinzia.

Buya alipokuja, Mwanaarusi alimmwagia maji mguuni akamwambia akanyage ubao mkavu. Alama ikabaki pale: kisigino chembamba, na mbele vidole vitano vilivyotawanyika kama vya ndege wa mtoni. Aliitazama mpaka ikakauka.

"Umeona nini?" aliuliza Buya.

"Naona mtu aliyesimama mtumbwini tangu utotoni. Vidole vyako vyashika, havikanyagi."

"Ni vibaya?"

"Nani kasema ni vibaya?"

Basi akaja kila siku, alasiri baada ya zamu. Jozi ya kwanza ilikuwa nyekundu, inang'aa, pua yake nyembamba, soli nene ya mpira, na kisigino kidogo kilichogonga ubao ko, ko, hata wapita njia wakageuka kuangalia. Ya pili ilikuwa nyeusi, haina maringo, laini kama ngozi ya ngoma iliyolowa, imepanda juu ya kifundo, na soli yake nyembamba isiyo na kisigino. Mwanaarusi alimfunga kamba, akamwambia aruke, azunguke, asimame kwa ncha za vidole. Akabonyeza kwa kidole gumba mbele, nyuma, ubavuni. Siku ya kwanza tu alikuwa ameshajua. Lakini kila Buya alipouliza, alijibu, "Mguu haujasema bado."

"Mguu wangu mjinga. Au fundi wangu anapenda kuushika."

"Nitakuchoma sindano!"

"Nichome, muwa wangu. Nitapata sababu ya kuja tena kesho."

Muwa wangu. Hakuwa amewahi kuitwa hivyo. Jina lile lilimkaa mdomoni jioni nzima, utamu wake hauishi. Siku iliyofuata alisuka nywele upya, akajipaka mafuta ya nazi, akapachika asumini. Buya alipoingia aliacha sentensi yake katikati.

Jumatano, siku ya kurudisha, ikafika. Buya akakaa juu ya kigoda, jozi zote mbili mbele yake. Hakutania.

"Mwanaarusi, nikishinda Malindi, wananichukua Mombasa kwenye timu. Kazi, chumba, mwalimu wa kweli."

"Na ukishindwa?"

"Naendelea kuvuta kamba hapa. Sasa niambie. Mguu umesema nini?"

Nje mtu alikuwa akinadi samaki. Mwanaarusi alitazama viatu vyeusi. Akawaza pantoni ikivuka bila yule anayecheka, na alasiri zisizo na mtu wa kuuliza. Mkono wake ukanyooka wenyewe.

"Vyekundu," alisema.

Buya akavibusu viatu vile, akavivaa, akachukua vyeusi avirudishe dukani, akaondoka ko, ko, ko.

Wiki iliyofuata alifanya mazoezi na viatu vyekundu penye ardhi ngumu nyuma ya soko. Siku ya pili alikuja anachechemea. Siku ya nne malengelenge yalikuwa yamepasuka, na akigeuka haraka kifundo kilimpinduka. Mwanaarusi alimwosha kwa maji ya chumvi, kichwa ameinamisha.

"Labda..." alianza.

"La, kiatu hakina kosa, umekichagua wewe," alisema Buya. "Kosa ni la miguu hii. Miguu ya kishenzi, mipana kama makasia! Nimeanza kuifunga kwa kitambaa, vidole vijifunze adabu."

Alisema huku akicheka, na kicheko kile kilimkata Mwanaarusi kuliko kisu cha ngozi. Alitaka kusema. Alifungua mdomo, akaomba apewe kitambaa. Siku mbili baadaye Buya alipanda lori akaenda Malindi.

Alhamisi Mwanaarusi hakuweza kukaa. Alikata ngozi vibaya, akaipindua, akaikata vibaya tena. Saa tano akatupa kisu, akajitupia leso, akatoka mbio hadi kivukoni, kwenye kijumba cha simu cha karani Nehemiah.

"Nipigie Malindi, kaka Nehemiah. Posta. Wamwite Buya, yuko kwenye hoteli jirani yao."

"Jambo la serikali?"

"Jambo la mtu kuumia!"

Nehemiah alizungusha mkono wa simu, akapayuka, akangoja, akapayuka tena. Nje foleni ya pantoni ilisogea karibu, maana simu siku zile ilikuwa tamasha. Hatimaye alimpa kipokezi. "Sema kwa nguvu, dada. Waya huu haubebi minong'ono."

"Haloo! Nani?"

"Ni mimi!"

"Mimi nani? Hapa kila mtu ni mimi!"

"Mwanaarusi!"

"Muwa wangu! Baba mgonjwa?"

"Baba mzima. Buya, usivivae vile viatu! Vyeusi ndivyo vyako. Nilijua tangu siku ya kwanza!"

Waya ukavuma kama nyuki.

"Ulikosea?"

"Sikukosea. Nilikudanganya."

Foleni nzima ikanyoosha shingo. Mama mmoja mwenye tenga alilitua chini asikilize vizuri.

"Kwa nini?" Sauti ya Buya ilikuwa ndogo sasa.

"Nilitaka ushindwe! Nilitaka—"

Tak. Simu ikafa. Nehemiah alizungusha mpaka jasho likamtoka. "Imekatika, dada. Mpaka keshokutwa, labda."

Hakungoja huruma ya mtu. Alikwenda dukani kwa Ahmednoor akaomba vile viatu vyeusi. Akaahidi kwamba vyekundu vikirudi atavishona viwe kama vipya. Ahmednoor, ambaye duka lake lilitenganishwa na kibanda kwa mabati tu, hakuuliza swali. Alivipangusa vumbi akampa. Mwanaarusi akavipeleka kwa Gure, dereva wa lori, aliyekuwa akiondoka alfajiri ya Ijumaa.

"Nimwambie nini?" aliuliza Gure.

Maneno yalikuwa mengi, na hakuna hata moja lililofaa kupita mdomoni mwa dereva.

"Mwambie avae," alisema.

Jumamosi ikapita. Jumapili nayo. Mto ulianza kupanda, maji mekundu yakibeba magogo kutoka juu, na watu wakasema wiki hiyo barabara ya Malindi itafunikwa. Mwanaarusi alifagia kibanda mara tatu. Kila lori lilipoguruma alisimama, kisha akakaa, kisha akasimama tena.

Jumatatu asubuhi Buya akasimama mlangoni. Jicho moja lilikuwa limevimba.

"Nimeshinda," alisema, kama mtu anayetoa habari za msiba.

"Hongera."

"Usinipongeze. Vilifika Ijumaa jioni. Nilipoingia ulingoni vidole vyangu viliona sakafu. Mguu ulikuwa sawa. Lakini nilipigana na watu wawili, mmoja mbele yangu, mmoja kichwani. Kila nikipigwa namsikia: *nilitaka ushindwe.*"

"Simu ilikatika, Buya."

"Ilikatika baada ya kusema."

"Ilikatika kabla sijamaliza. Nilitaka ushindwe ili ubaki. Ubaki hapa. Nami."

Buya alikaa kwenye kigoda. "Siku nyingi nimeitukana miguu yangu," alisema mwishoni. "Miguu niliyopewa na baba yangu. Nikaifunga kama mwizi. Na wewe ulikuwa ukiiosha huku unajua. Hilo ndilo linaloniuma. Malengelenge hayakuniuma hivi."

"Najua. Sina neno la kujitetea. Nisamehe."

"Ungesema 'usiende'. Neno moja."

"Ungebaki?"

"Sijui. Lakini lingekuwa langu kulijibu."

Machozi yalimtiririka Mwanaarusi, hakuyafuta. Buya aliyatazama, akashusha pumzi, na sauti yake ikalainika. "Basi liseme sasa. Keshokutwa lori la Gure linaondoka kabla maji hayajafunga njia. Timu inaningoja. Niambie, bila hila."

"Sitaki uende," alisema Mwanaarusi. "Lakini ukibaki, kila siku nitakuona umesimama pale nilipotaka kukuangusha. Nenda. Nami nataka kwenda nawe, na baba hawezi kuachwa. Huo ndio ukweli wangu wote, na haunisaidii kitu."

"Nani amwacha baba wapi?" sauti ikatoka nyuma ya mkeka.

Wote wawili wakaruka.

"Macho yangu yamekwisha, masikio bado," alisema Fundi Kassim, akijitokeza kwa kupapasa. "Wiki nzima nilisikiliza mguu mmoja usiokwisha kupimwa! Hata wa tembo ungekuwa umepatikana. Kwani Mombasa watu watembea peku?"

"Baba..."

"Jibu. Watembea peku?"

"La, baba."

"Basi huko nako kuna kazi. Masika yakiisha tutafuata."

Buya akapiga goti. "Fundi, mimi naomba—"

"Nyamaza! Mtu hajiposei mwenyewe akinuka dizeli. Lete wazee wako wa Hewani."

"Leo?"

"Maji yapanda leo au kesho?"

Buya alikuwa ameshatoka. Mwanaarusi akakimbilia mlangoni. "Na wakikataa kuja haraka?"

"Nitawapakia mtumbwini kama ndizi!" alijibu kutoka sokoni, akikimbia peku kati ya matenga, watu wakimpisha na kumpigia miluzi.

Mwanaarusi alirudi akakaa. Alichukua sindano, akajaribu kutunga uzi. Ukapita kando. Akajaribu tena, na mara ya tatu; uzi haukuingia tunduni. Fundi Kassim akanyoosha mkono, akaipokea sindano ile, akalamba uzi, akapapasa kwa ncha ya ulimi na kidole. Akaitunga mara moja, akamrudishia.