Kiti cha Upande

Hebu niambie, wewe unayesikiliza: mtu ambaye kazi yake ni kupokea machozi ya watu toka asubuhi mpaka jua linainamia Mbalizi, ya kwake anayamwaga wapi?

Tekla hakuwa amejiuliza swali hilo siku aliyokwenda soko la Mwanjelwa kununua mchele. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, baridi ya Mbeya imekaza mpaka wauza nyanya wamevaa soksi ndani ya kandambili. Alivaa gauni la kitenge cha bluu lenye marinda chini, na juu yake sweta la rangi ya boga alilofumiwa na mama yake huko Kalenga, kifungo chake cha pili kikiwa cheupe na vingine vyeusi. Alikuwa mshauri nasaha katika kituo kimoja cha afya mjini. Waliofiwa, waliopigwa, walioshindwa kulala, wote walipita kwenye chumba chake chenye viti viwili, saa ya ukutani na boksi la tishu.

"Huu wa Kyela?" aliuliza, akichota mchele kwa kiganja.

Muuzaji alikuwa mwanaume mrefu, shati la drafti limepigwa pasi vizuri, kichwani kofia ya pama. "Dada, huu wa Usangu. Nimeukoboa mwenyewe juzi, pale Chimala. Wa Kyela watu wananunua jina. Tafuna."

Tekla akatafuna punje tatu. Zilivunjika kavu.

"Umekauka."

"Ahaa! Wewe si wa mjini. Wa mjini anauliza bei tu. Kwenu wapi?"

"Iringa. Kalenga."

"Basi kamwene!" alimsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene. Na wewe na kofia hiyo, ng'ombe umewaacha wapi?"

"Wapo kwa baba. Msukuma ukimnyang'anya ng'ombe muachie kofia, la sivyo atapotea. Naitwa Nkuba. Maana yake radi."

"Mbona huungurumi?"

"Nangoja wingu," alisema Nkuba, na akamwongezea kopo moja la mchele ambalo hakuombwa.

Jumamosi iliyofuata Tekla alirudi, na mchele wa kwanza ulikuwa haujafika hata nusu. Nkuba alikisia, akafunga gunia. Alimpeleka kwenye hoteli ndogo nyuma ya soko, akaagiza chai ya tangawizi mbili na viazi vya kukaanga. Kabla ya kukaa, Tekla alikivuta kiti chake, akakiweka upande.

"Mbona umekaa kama unangoja basi?"

Tekla akacheka. "Ni mazoea ya kazi. Viti tunavipanga upande, ili mtu akilia asitazamwe usoni."

"Mimi silii."

"Wote huanza hivyo."

Yakawa mapenzi, kama unavyoona yanavyokuwa. Simu zilipigwa kila jioni.

"Haloo, daktari wa machozi. Umekula?"

"Nimekula, baba mpunga."

"Umekula nini?"

"We niambie ya kwako kwanza."

Nkuba alimwambia. Ndani ya mwaka mzima alimwambia juu ya mkanda wa mashine yake ya kukoboa uliokatika, juu ya ndugu zake, juu ya baba yake aliyewasili Usangu na ng'ombe mia akabaki na kumi na wanane. Tekla alisikiliza vizuri, kwa sababu alijua kusikiliza. Na kila Nkuba alipouliza, "Na wewe je, mama?" jibu lilikuwa moja.

"Mimi nipo."

Pale kituoni palikuwa na kanuni. Kila mwezi kila mshauri alitakiwa kukaa na Mama Frida, msimamizi wao, autue mzigo wake, maana mshauri naye huwa na mshauri wake. Tekla aliruka mwezi mmoja kwa sababu ya foleni ya wateja. Akaruka wa pili. Wa tatu alisema, "Mama, wapo wenye hali mbaya kuliko mimi," na ikawa miezi minane. Chakula cha mchana alikula amesimama. Siku moja mjane alikuwa analia mbele yake, naye akajikuta anahesabu nondo za dirisha. Zilikuwa kumi na moja. Hakusikia huruma. Jambo hilo lilimtisha kidogo, kisha hata kutisha likaacha.

Mwezi wa nane wa mwaka uliofuata, Nkuba alikuja Mbeya siku ya kazi. Alivaa suruali ya kitambaa na viatu vilivyong'arishwa, akamsubiri pale kwenye hoteli yao. Tekla alifika, akakivuta kiti upande, akakaa. Tangu asubuhi alikuwa ameona watu tisa.

"Baba amepooza mkono na mguu wa kulia," alisema Nkuba. "Hasemi. Ananiangalia tu, najua anauliza nini. Anauliza nyumba yangu ataiona lini. Nimekaa na mjomba Nashoni jana, nimemwomba jambo fulani, amekubali. Sasa Tekla, nilitaka..."

Hapo akakwama. Aligeuza kikombe, akakigeuza tena. Tekla alingoja kama alivyozoea kungoja, macho yakaenda ukutani ilipokuwa saa ya hoteli, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Tumebakiza dakika kumi. Kuna jambo lingine ungependa kulisema leo?"

Nkuba alimtazama. Akachukua kofia yake mezani, akaivaa taratibu kwa mikono miwili.

"Hakuna. Asante, mshauri."

Chai yake ilibaki, ikashika utando juu.

Tekla alielewa jioni, akiwa anaosha sufuria. Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, ikapokelewa, nyuma yake mashine inanguruma.

"Nkuba, nisamehe. Sikudhamiria. Ni maneno ya kazini, yalitoka tu."

"Yalitoka, ndiyo."

"Ulitaka kusema nini?"

"Ulinipimia muda, Tekla. Wateja wako wengi, sikulaumu. Ila mimi nilifikiri sipo kwenye foleni."

Simu ikakatwa.

Jumatatu saa mbili kamili Tekla aligonga mlango wa Mama Frida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

Tekla akaelekea kiti cha karibu na dirisha.

"Hicho changu," alisema Mama Frida, akavua miwani. "Chako leo ni kile chenye tishu."

Akakaa. Kilikuwa kiti kilekile kama cha wateja wake, lakini kutoka pale chumba kilionekana kikubwa.

"Unalala?"

"Nalala, naamka nimechoka."

"Nani anakusikiliza wewe?"

Tekla akavuta tishu moja, akaikunja. "Nina mtu. Nilikuwa naye. Simwambii kitu."

"Kwa nini?"

"Naogopa nikianza yatatoka yote."

"Ya wateja hayatoki, hayo yanaishia hapa kwangu, na ndiyo sababu ya hiki kiti ulichokikimbia miezi minane. Lakini yako wewe ni yako. Mpe mwenye haki nayo." Mama Frida akafungua droo. "Weka simu hapa. Siku kumi na nne, nenda kwa mama yako."

"Na wateja wangu?"

"Mimi na mwenzako Gloria tutagawana. Ulifikiri kituo hiki kimejengwa juu ya kichwa chako?"

Kalenga, mama yake aliyeitwa Yudith hakuuliza kitu. Alimpa kitanda cha chumba cha nyuma na blanketi mbili. Tekla alilala mpaka kuku walipokuwa wameshakula na kurudi. Siku ya pili akalala vilevile. Siku ya tatu akashuka mtoni kufua, akakaa juu ya jiwe mpaka nguo zikakauka. Siku ya nne, wanapukuchua maharage uani, machozi yakamtoka bila kupiga hodi, yakaendelea. Mama Yudith alisogeza beseni.

"Usiniloweshee maharage, mwanangu."

Tekla akacheka huku analia. Mama akamletea togwa kwenye kikombe cha bati, akakaa kando yake, wakapukuchua mpaka gunia likaisha. Jioni ile Tekla alisema, "Mama, mimi tangawizi siipendi." Mama akajibu, "Najua. Hukuipenda toka mtoto." Hilo likamkalia moyoni.

Siku ya kumi na tatu aliaga. Hakufika Mbeya. Alishuka Chimala saa nne asubuhi na sweta lake la rangi ya boga, mkononi mfuko wa maharage, akauliza njia mara moja tu.

Mashine ilikuwa inanguruma, pumba zinaruka kama ukungu, akina mama wamekaa juu ya magunia yao wanangoja zamu. Nkuba alikuwa mweupe mpaka kwenye kope. Alimwona, mkono ukabaki hewani.

Tekla akasema jambo, halikusikika. Hakupaza sauti. Alichukua ndoo tupu, akaifudikiza chini mbele ya Nkuba. Hakuiweka upande. Aliiweka uso kwa uso, akakaa.

Nkuba akazima mashine.

"We Nkuba!" alipiga kelele mama mmoja, Tusajigwe, khanga imefungwa kifuani juu ya koti. "Mpunga wangu upo tumboni mwa mashine!"

"Subiri kidogo, mama."

"Nisubiri mpaka lini?"

Nkuba akajipangusa kope. Alikuwa anamtazama Tekla. "Nimekupigia simu mpaka yule dada wa 'namba haipatikani' nimemzoea. Nikajua umenifungia."

"Simu ipo kwenye droo ya Mama Frida. Nilitumwa nyumbani kulala."

"Kulala?"

"Kulala."

Nkuba akavuta gunia, akakaa juu yake. Magoti yao yaligusana. "Haya. Leo una dakika ngapi?"

Tekla alinyanyua mkono, akamwonyesha kifundo kisicho na saa.

"Na wewe je, Tekla? Hujambo?"

Neno lilikuja mpaka kwenye ulimi, lile "nipo" la siku zote. Akalirudisha. Akina mama juu ya magunia walikuwa wamesogea kusikiliza, hata Tusajigwe.

"Sijambo kidogo. Nilichoka, Nkuba, toka mwaka jana nilichoka, nikakuficha. Kuna siku nilihesabu nondo za dirisha mtu analia. Hata wewe nilikusikiliza kama kazi."

"Ungeniambia."

"Sikujua kusema. Najua kuuliza tu."

"Basi sikuulizi tena," alisema Nkuba. Akavua kofia, akaiweka gotini. "Sema mwenyewe. Unataka nini?"

Tekla akavuta pumzi. Pumba zikamkereketa kooni, akakohoa, akafuta macho kwa mkono wa sweta.

"Nataka mjomba wako aje Kalenga kuleta posa, mama anajua atakuja. Nataka unioe. Na Jumamosi uniagizie maziwa, mimi tangawizi siipendi."