Sabuni Isiyongoja Kukauka

"Kunguru kwa Mama Sambusa. Mzigo unatoka saa nne. Zuia. Kwisha."

Redio ya Motorola ikanyamaza ndani ya kikapu cha sambusa.

Mukunde akatazama Seiko yake. Saa tatu na nusu, Alhamisi ya mvua, 1992. Alikuwa na miaka ishirini kazini kama jasusi, na bastola ya Browning kiunoni, lakini pale kwenye kiwanda cha sabuni walimjua kwa sambusa tu. Majambazi wawili alishawakamata wakiwa bado wanatafuna.

Uani kulikuwa na malori kumi na moja ya sabuni. Moja lilibeba mabomu ya mkono.

Lipi?

Kuyapekua yote kungechukua siku nzima. Likishapita njia panda ya Nyabugogo na kutoka mjini, ni watu kuzikwa.

Akapanda ofisini kwa Xavérine, mpangaji wa uzalishaji. Bibi huyo alikaa mbele ya kompyuta ya Olivetti, penseli sikioni.

"Mama, hii mashine inajua yote?"

"Iko najua hesabu. Mvua hapana! Inaniambia tupike lini, tupakie lini. Halafu mimi nashuka kwenye rafu, nabonyeza sabuni kwa kidole. Mvua hii nimeongeza siku tatu za kukauka. Kila lori."

Mukunde akaivuta ratiba. Malori kumi yalikuwa na alama ya penseli.

"Na hili la dereva Bigirimana, mbona halina alama?"

Xavérine akavaa miwani.

"Hili sijaliona mimi! Limepikwa Jumatatu, linatoka leo? Mwanangu, sabuni ya Jumatatu bado ni uji. Nani ameliingiza bila kungoja kidole changu?"

Chini, injini ikanguruma.

Mukunde akashuka ngazi tatu tatu. Goti likalia, akalitukana.

Lori lilikuwa langoni. Akachomoa Browning.

Twa! Twa!

Matairi mawili yakakaa chini. Bigirimana akatoka mikono juu.

"Mama Sambusa! Ni weye?"

"Ni miye. Lala chini, mteja wangu."

Akapasua boksi. Sabuni safu moja. Chini yake, mabomu.

"Kunguru, mzigo umekamatwa."

"Vizuri. Malori mengine manne yamepita asubuhi, kutoka viwanda vingine. Hatukuwa na mtu huko. Kwisha."

Xavérine alifika akihema. "Tumeshinda?"

"Hili moja, mama. Una ndugu Bujumbura?"

"Dada yangu."

"Nenda kwake kesho. Walioliingiza wanajua jina lako, na watakutafuta."

"Na sabuni ataibonyeza nani?"

Mukunde akamkabidhi Bigirimana kwa walinzi wa lango. Akafunga kanga vizuri juu ya Browning, akashika njia ya mtaa wa Muhima, taratibu, kwenye mvua.