Karani Alipong'olewa Meno

Mzee Nikodemo hapendi kunywa chai peke yake. Kila asubuhi, jua likianza kupasha joto mibuni nyuma ya nyumba, hukaa barazani na kikombe chake na andazi moja. Zamani nusu ya andazi alikula yeye. Nusu nyingine alimpa Karani.

Karani ni sungura wa mjukuu wake, Ruti. Mama yake Ruti anafanya biashara Tunduma, kule mpakani. Ruti anaishi na babu na bibi kijijini, karibu na Vwawa. Mama alimletea sungura huyo ndani ya boksi la sabuni, ili mtoto asijione mpweke. Babu ndiye aliyempa jina.

"Mwangalieni anavyochezesha midomo," alisema. "Kama karani wa ushirika anayehesabu magunia ya kahawa!"

Enoka, jirani yao, hakuacha utani. Kila akipita alisema, "Mzee, kitoweo chako kinanenepa." Ruti alimkumbatia sungura wake na kununa. Babu alimwambia Enoka apite haraka, asije akachelewa anakokwenda.

Karani alilelewa kama mtoto wa mwisho. Alikula andazi. Alikula ukoko wa ugali. Alikula pumba za mahindi. Majani alipewa mara moja moja tu. Nani angempa mgeni wake majani, wakati ugali upo?

Siku moja Ruti alikuja mbio. "Babu, Karani anatoka mate. Kidevu kimelowa chote. Anataka kula, lakini chakula kinamdondoka."

Nikodemo alimpakata sungura, akamfunua mdomo taratibu. Alichokiona kilimshtua. Meno ya mbele yalikuwa marefu, yamepinda na kupishana. Jino moja lilikuwa limechoma fizi, na fizi ilikuwa imevimba.

"Mama Ipyana," alimwita mkewe, Roda. "Nipe kikapu. Tunakwenda Vwawa."

Enoka aliwaona wakipanda pikipiki, babu mbele, mjukuu nyuma, kikapu katikati. "Jamani! Sungura naye anakwenda hospitali?" aliuliza.

"Anakwenda," alijibu Nikodemo. "Na wewe ukiumwa tutakupeleka."

Daktari wa mifugo pale Vwawa alikuwa mama mmoja mchangamfu aitwaye Judith. Alimpima Karani kwa makini.

"Mzee, meno ya sungura hayaachi kukua," alisema. "Yanakua maisha yake yote. Akitafuna majani na nyasi kwa wingi, yanasagika. Wengine huzaliwa na taya lisilokaa sawa, labda na huyu ni hivyo. Lakini vyakula laini vimezidisha. Haya ya mbele hayafai tena. Itabidi niyang'oe."

"Ataishi bila meno?" aliuliza Ruti. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Ataishi vizuri. Yale ya nyuma ni mazima, na hayo ndiyo ya kutafunia."

Karani alichomwa sindano ya usingizi, akang'olewa meno, akaamka salama. Daktari Judith alimrudisha kikapuni. Alimpa Nikodemo dawa ya maumivu, bomba la sindano lisilo na sindano, na mfuko wa chakula cha sungura.

"Leo leo ale, mzee. Loweka chakula hiki kwenye maji ya vuguvugu mpaka kiwe uji. Akikataa mwenyewe, mlishe kwa bomba. Asikae na njaa."

"Sawa, daktari," alisema Nikodemo. "Nimeelewa. Mungu akubariki."

Alisema hivyo kwa adabu tu. Moyoni alikuwa na lake.

Mnaona, Nikodemo mwenyewe aliwahi kupasuliwa ngiri. Hospitali walimkataza kula mpaka atoe hewa kwa nyuma, ijulikane kuwa tumbo limeamka. Mwenzake wa kitanda cha pili alikula ndizi kwa siri. Tumbo likamvimba kama ngoma, akalia mpaka wodi nzima ikakosa raha. Jambo hilo Nikodemo hakulisahau. Kwake yeye, mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji hali kitu mpaka atoe hewa, basi.

Walipofika nyumbani, Ruti alikwenda kuchuma majani. Babu alimrudisha.

"Mwache apumzike. Hajatoa hewa."

"Lakini daktari amesema ale, Baba Ipyana," alisema Roda.

"Daktari yule bado kijana. Amewahi kupasuliwa? Mimi nimepasuliwa. Ninajua."

Ruti alimtazama babu, kisha akamtazama bibi. Bibi alishusha pumzi, akarudi jikoni.

Nikodemo aliweka kikapu karibu na kiti chake. Akaweka uji mbali, juu ya kabati. Jioni ile hakutoka hata kwenda kuzungumza na wenzake. Mara kwa mara aliinama, akatega sikio karibu na mkia wa Karani. Hakusikia kitu. Alimpenda sungura yule, wala tusimfiche. Alimnyima chakula kwa mapenzi.

Asubuhi hapakuwa na chai ya raha. Karani alikuwa amejikunyata kwenye kona ya kikapu, macho nusu yamefumba. Alikuwa akisaga meno yake ya nyuma kwa maumivu. Kitambaa alicholalia kilikuwa kikavu na kisafi. Hapakuwa na choo hata punje moja.

Ruti alipiga magoti kando ya kikapu. Hakulia. Aliuliza tu, "Babu, ulipopasuliwa, njaa ilikuuma?"

"Iliniuma sana. Nilimsumbua nesi mpaka akanikimbia."

"Karani hana nesi wa kumsumbua," alisema Ruti.

Maneno yale yalimwingia Nikodemo. Alihisi aibu, na hofu ikamshika. Alichukua simu, akampigia Daktari Judith. Hakuficha chochote.

"Usimminye tumbo," alisema daktari. "Mfunikeni apate joto. Ninakuja."

Wakati wa kumsubiri ulikuwa mrefu. Nikodemo alijipapasa mifuko ya koti, akatoa vidonge vya rangi mbili vilivyobaki tangu Roda alipoumwa kidonda. Aliviangalia. Akamwangalia Karani. Pikipiki ya daktari ikasikika nje.

Judith aliingia, akasalimia, "Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama," kisha akaviona vile vidonge.

"Umempa?"

"Bado. Nilikuwa ninafikiria."

"Mshukuru Mungu. Dawa hizo akizimeza sungura, zinaharibu tumbo lake. Zinaweza kumuua. Dawa ya binadamu asipewe kamwe, mpaka daktari wa wanyama aseme."

Nikodemo alivirudisha mfukoni.

Judith alimpima Karani tumbo kwa vidole, akasikiliza kwa kifaa chake. Alimchoma sindano ya maumivu, akamwongezea maji chini ya ngozi. Akampa na dawa ya kuamsha tumbo. Kisha akaketi karibu na Nikodemo.

"Mzee, wewe ulinyimwa chakula kwa sababu ya upasuaji wako, na wewe ni binadamu. Tumbo la sungura ni jingine. Linataka kufanya kazi muda wote. Likikaa tupu, linasimama. Likisimama, gesi inajaa, anaumwa. Akiumwa, hataki kula. Asipokula, tumbo linazidi kulala. Hivyo ndivyo wanavyokufa. Unakumbuka? Hata kabla ya kumng'oa meno, sikukuambia afunge."

"Kweli, hukuniambia." Nikodemo aliinamisha kichwa. "Nimemuua sungura wa mtoto?"

"Bado yuko hai, na umeniita. Tumlishe. Mikono ya kushika iko wapi?"

"Hii hapa," alisema Nikodemo.

Judith alimwonyesha. Karani akae kwa miguu yake, juu ya taulo, wala asilazwe chali, maana chakula kingeingia kwenye mapafu. Bomba liingizwe pembeni mwa mdomo. Uji utolewe kidogo, asubiriwe ameze, ndipo aongezwe.

"Huu ni uji wa majani," alisema Judith. "Uji wa mahindi hapana. Andazi hapana. Sukari hapana."

Ruti alimwangalia babu. Babu alijifanya hakusikia neno andazi.

Tone la kwanza lilimwagika kidevuni. Roda akalifuta kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. La pili Karani alilimeza. Midomo ikacheza, ile ile ya karani wa ushirika.

Siku hiyo nzima walifanya zamu. Kila baada ya saa chache alilishwa kidogo. Roda alijaza chupa maji ya moto, akaifunga kwa kanga, akaiweka kando ya kikapu. Ruti alifukuza kuku na watoto wenzake ili pawe kimya. Nikodemo alibaki na kazi moja, kukagua kitambaa.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumapili. Watu walikuwa wakipita njiani kwenda kanisani, wamevaa nguo zao nzuri. Ghafla mlango wa Nikodemo ulifunguka kwa kishindo.

"Amepata choo!" alipiga kelele mzee mzima. "Mama Ipyana! Ruti! Amepata choo!"

Akina mama waliokuwa wakipita walisimama. "Nani, mzee?"

"Karani!"

Ruti alitoka mbio na gauni la kulalia. Aliona punje tatu, ndogo na nyeusi. Alimrukia babu shingoni, na hapo ndipo alipolia. Nikodemo naye machozi yalimtoka. Hakuona haja ya kuyaficha.

Sasa Karani ni mzima. Kwa kuwa hana meno ya mbele, hawezi kukata jani mwenyewe. Kila asubuhi Ruti humkatia majani kwa mkasi, vipande vyembamba. Nyasi kavu ziko kwenye boksi lake mchana na usiku. Daktari Judith anamkagua meno ya nyuma kila inapofika miadi. Nikodemo sasa anakula andazi lake zima, na anadai anakula kwa shida.

Juzi Enoka alibisha hodi. Alikuwa amebeba sungura jike, kidevu kimelowa mate. Hakutaja kitoweo.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "ninakwenda naye Vwawa. Nimeona nianzie kwako. Akishang'olewa, nimfanyeje?"

Nikodemo alimvutia kiti. Ruti alimwona babu akinyoosha mgongo kama mtu aliyeitwa kuhubiri.

"Kaa hapa, Enoka," alisema. "Atakachokuambia daktari, kifanye. Usimwambie sawa kwa mdomo tu. Na kuhusu hewa, usiisubiri."